Bili ya Intaneti Iliyomfuata Binti Maskati

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Majengo na Shauri Moyo hadi Umoja, Donholm na Kayole, ni nadra kuikuta familia ya Kiislamu isiyo na mtu wake ng'ambo. Wako waliokwenda Riyadh na Jeddah, wako walio Doha na Maskati, na wachache wamefika Ulaya na Marekani. Tukizungumza habari za safari hizi misikitini na katika vikao vya akina mama, hutaja mishahara, waajiri, na taabu za mawakala wa ajira. Hayo yamesemwa sana, na yanastahili kusemwa. Leo, mama zangu na dada zangu, nataka kuleta jambo linaloonekana dogo, nalo limeanza kuingia katika nyumba nyingi: deni la intaneti linalobaki nyuma kwa jina la aliyesafiri.

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, wengi wetu tuliona ni habari za serikali na mabenki. Haukupita muda mrefu, waya ule ukapanda kutoka pwani hadi Nairobi, ukatundikwa juu ya nguzo za mitaa yetu, ukaingia sebuleni. Leo bibi wa Umoja humwona mjukuu wake aliyezaliwa Doha akianza kutambaa, akamsomea Fatiha kwa sauti yake mwenyewe, wala halipi nauli ya simu ya nchi za nje. Neema hii hatuikanushi. Ila imekuja na mkataba, na mkataba una mwenye jina.

Mwenye jina, katika nyumba nyingi, si yule anayelipa. Mama ndiye anayelipa, kwa M-Pesa, kila mwezi. Jina ni la binti, kwa kuwa binti ndiye aliyekuwa nyumbani siku wauzaji walipobisha hodi, na ndiye mwenye barua pepe, na ndiye aliyeweza kuisoma fomu ya Kiingereza. Aliweka kidole kwenye simu ya muuzaji na shughuli ikaisha. Kujiunga huchukua dakika kumi. Kujitoa, kama nitakavyoeleza, ni safari nyingine.

Kisa nitakachokisimulia ni cha mama mmoja wa huku kwetu na binti yake. Wameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba nisitaje majina yao, na kampuni pia nimeiacha bila jina.

Binti alikuwa akiishi na mama yake katika ghorofa ya Umoja. Mkataba wa intaneti ulikuwa wa shilingi 2,500 kwa mwezi, wa kutumia kwanza kisha kulipa. Mwezi wa Januari binti akapata kazi Maskati, akaondoka. Mama akaendelea kulipa hadi Machi, kisha akaona kodi ya nyumba nzima ni mzigo kwa mtu mmoja, akahamia kwa dada yake Majengo. Kabla ya kuhama aliipigia kampuni simu, mwishoni mwa Machi, akasema kwamba wanahama na hawahitaji tena intaneti. Karani akamjibu, "Sawa mama, zima tu kile kisanduku. Mkihitaji tena mtatuambia." Mama akakizima. Kisanduku chenyewe akamwachia msimamizi wa ploti, akidhani watu wa kampuni watakuja kukichukua.

Desemba simu ikalia. Hakuwa mtu wa kampuni, alikuwa wakala wa kukusanya madeni. Akamwambia kwamba binti yake adaiwa shilingi 29,000: miezi tisa kwa 2,500, ambayo ni 22,500, kisanduku 5,000, na faini ya kuchelewa 1,500. Kisha akaongeza neno lililomnyima mama usingizi, kwamba binti akija likizo atazuiliwa uwanja wa ndege.

Ujumbe wote wa madai ulikuwa ukipelekwa kwa namba ya zamani ya binti, ambayo laini yake ilikuwa imelala ndani ya pochi huko Oman. Hakuna aliyeusoma.

Mama alinijia baada ya darasa la Alasiri, mkononi ana kikaratasi kidogo alichoandikiwa hesabu na mpwa wake. Alikuwa amekwisha kuazimia kuuza bangili mbili. Hakuja kuuliza kama deni ni la haki. Alikuja na swali moja tu: "Maalim, mwanangu yuko mbali. Likimkuta la kumkuta na deni hili liko shingoni mwake, si roho yake itazuiliwa?"

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Watu wetu wanaliogopa deni, na wana haki ya kuliogopa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu bila ya kuacha cha kulilipa, naye akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba deni lile. Aliyelelewa na kisa hiki tangu chuoni hawezi kulichezea deni. Lakini nimeona mara nyingi kwamba khofu hii njema hutumiwa na watu wasiokuwa na khofu hiyo. Wakala wa madeni anajua vizuri kwamba mama wa Kiislamu hatauliza hesabu. Atauza bangili.

Nilimwambia mama kwamba kabla ya kulipa deni yapasa kwanza lithibiti kuwa ni deni. Aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni, na inahusu kuandikiana, muda, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Kama kila anayedai angelipwa kwa kudai kwake tu, kusingekuwa na haja ya mwandishi wala shahidi. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 188, kuna katazo la kula mali za watu kwa batili. Mwenye kumpa mdai kisichokuwa haki yake, hali anajua, hajaitua dhima yoyote.

Tazameni alivyofanya Abdallah bin Zubeir (R.A.A.). Baba yake aliuawa akiwa na deni la milioni mbili na laki mbili, naye alimuusia mwanawe alilipe. Abdallah alilipa kwa kuuza mali ya baba yake. Ndugu zake walipotaka kugawana kilichobaki, alikataa, akanadi katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Alikuwa mkali wa kulipa, na papo hapo alitaka kila mdai ajitokeze na dai lake lijulikane. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Basi tukakaa na hesabu. Au niseme walikaa wao, kwa simu ya picha kati ya Majengo na Maskati, nami nikiwa pembeni kama mtu aliyeombwa rai.

Intaneti ya nyumbani, kwa lugha ya fiqhi, ni ijara: unakodi manufaa kwa muda na kwa malipo yanayojulikana. Nayo ina hukumu zake, na baadhi yake hazimpendezi mpangaji. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tuliyosomeshwa pwani yote, mtu akikodi nyumba, akakabidhiwa ufunguo, kisha asilale humo hata usiku mmoja, kodi iko juu yake muda ukipita. Amekwisha kuwezeshwa, na kutotumia ni hiari yake. Nalisema hili wazi kwa sababu hoja ya kwanza ya mama, na ya kila mtu, ilikuwa ni "hatukuitumia". Hoja hiyo peke yake haisimami, si kwa fiqhi wala si kwa mkataba. Waya ukiwa hai ukutani, bili ni bili.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi: mama aliarifu, na karani akakubali. Pande mbili zikikubaliana kuvunja mkataba, hiyo huitwa iqala, nayo ni jambo la kheri. Kampuni ilijibu kwamba mama si mteja. Mteja ni binti, na yeye hakuarifu lolote. Jibu hili lilimuudhi sana mama, aliyekuwa amelipa kila mwezi kwa namba yake mwenyewe na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si mteja alipokuwa akitoa pesa. Nami niliona uchungu wake ni wa haki. Hata hivyo, kielimu, jibu lile lina asili. Anayefanya jambo katika mali au mkataba wa mtu mwingine bila ya kuwakilishwa huitwa fudhuli. Kwa kauli inayotegemewa ya Mashafi, tendo lake halipiti. Wanazuoni wa Hanafi na Maliki wanasema linangojea: mwenyewe akiliidhinisha, limepita. Kampuni za Nairobi hazimjui Abu Hanifa, lakini katika suala hili zimekuwa Shafi kuliko Mashafi wenyewe.

Dawa yake ingekuwa karatasi moja. Wakala katika mabishano ni jambo linalojulikana tangu zama za Masahaba. Imepokewa katika vitabu vya fiqhi kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alimwakilisha nduguye Aqil katika kesi zake, na Aqil alipokuwa mzee akamwakilisha Abdallah bin Jaafar. Lau binti, kabla ya kupanda ndege, angeiandikia kampuni barua pepe ya mistari mitatu, kwamba mama yangu fulani, mwenye kitambulisho namba fulani na simu namba fulani, ni wakili wangu katika akaunti hii, kulipa, kubadili na kufunga, mabishano haya yasingalikuwapo. Barua ya namna hiyo haihitaji mwanasheria. Kwa mambo makubwa, kama ardhi au kesi mahakamani, ndipo panapohitajika hati rasmi ya uwakilishi, ambayo aliye ng'ambo hutia sahihi mbele ya ubalozi wa Kenya au mthibitishaji anayetambuliwa.

Basi binti aliiandika barua hiyo kutoka Maskati, japo kwa kuchelewa, akaidhinisha aliyoyafanya mama yake Machi, akaambatisha nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kutoka Januari. Na akaomba jambo moja ambalo nawasihi kila mmoja wenu aliombe kabla ya kubishana neno lolote: taarifa kamili ya akaunti, mwezi kwa mwezi, yenye tarehe za malipo na tarehe za huduma. Si jumla. Wakala wa madeni hutaja jumla tu, kwa sababu jumla haina pa kushikika.

Taarifa ilipofika ilikuwa na mstari mmoja uliobadili kila kitu. Mbele ya tarehe 10 Aprili paliandikwa kwamba huduma imesitishwa kwa kutolipwa. Maana yake ni kwamba tangu siku ile kampuni yenyewe ilikuwa imeufunga mlango. Hata lau mama angekiwasha kisanduku mwezi wa Mei, asingepata kitu. Mwenye nyumba akimfungia mpangaji mlango na kukaa na ufunguo muda wote, hawezi tena kudai kodi ya muda ule, kwani manufaa aliyoyauza hakuyatoa. Kuanzia Mei hadi Desemba ni miezi minane, shilingi 20,000, na zote zilikuwa bei ya kitu kisichokabidhiwa.

Je, Aprili? Mkataba ulitaka notisi ya siku 30. Mama aliarifu mwishoni mwa Machi. Binti, ambaye naona amesoma vizuri zaidi kuliko baadhi yetu, alisema mwenyewe kwamba Aprili ni deni na atalilipa, ingawa huduma ilikatwa siku ya kumi. Hapakuwa na aliyemlazimisha. Ama kisanduku, kilikuwa mali ya kampuni na amana mikononi mwao. Mpwa alipanda matatu hadi Umoja, akakikuta kwa msimamizi wa ploti juu ya kabati, kimejaa vumbi lakini kizima, pamoja na waya wake wa umeme. Kikarudishwa ofisini na ikachukuliwa risiti yenye namba ya kisanduku. Nasisitiza namba. Risiti inayosema "kifaa kimoja" haimsaidii mtu miezi sita baadaye.

Sheria ya nchi katika jambo hili haiko mbali na tuliyoyasema. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, ya kupata maelezo anayoyahitaji, na ya fidia akidhurika. Bunge likapitisha Sheria ya Kumlinda Mtumiaji mwaka 2012. Na kabla ya hayo kuna kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano, zinazompa mteja haki ya kupata bili iliyo sahihi na inayoeleweka, na ya kutozwa kwa huduma alizojiunga nazo tu. Msimamizi wa kanuni hizi ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Utaratibu wake ni kwamba malalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa jibu lisiloridhisha, ndipo yanapopelekwa kwa Mamlaka pamoja na nakala ya yote yaliyoandikwa. Anayekwenda moja kwa moja kwa Mamlaka hurudishwa nyuma. Kwa hiyo kupiga simu pekee hakutoshi: simu haina nakala. Kila baada ya simu andika ujumbe mfupi au barua pepe useme, leo saa fulani nimezungumza na karani wenu, na ameniambia hivi. Asipokanusha, umepata mwandishi wako.

Wengine wameniuliza kama jambo hili laweza kupelekwa kwa Kadhi. Haliwezi. Ibara ya 170 ya Katiba imewawekea Makadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Bili haimo. Lakini iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 kwa sheria ya mwaka 2016. Hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila ya wakili. Sisemi mkimbilie huko kwa shilingi 29,000. Nasema mjue kwamba ipo, na kwamba kampuni nazo zinajua kuwa ipo.

Ama lile neno la uwanja wa ndege, lilikuwa vitisho vitupu. Hapa Kenya kampuni ya intaneti haina mamlaka ya kumzuia mtu asiingie wala asitoke kwa sababu ya bili. Kumzuia mtu ni jambo la amri ya mahakama. Nadhani wakala yule alikuwa amesikia habari za nchi za Ghuba, ambako mdai aweza kweli kuiomba mahakama impige mdaiwa marufuku ya kusafiri, akaichukua khofu ya kule akaileta Majengo. Na kumpigia simu mama, au jirani, au imamu wa msikiti, kumtangazia deni la mtu mwingine, kunagusa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ofisi ya Kamishna wa Data imekwisha kuzitoza faini kampuni za mikopo ya simu kwa mwendo wa namna hii. Mama alipofundishwa kumwuliza wakala, "Mwanangu, nani amekupa namba yangu, na kwa idhini ya nani?" simu zilipungua ghafla.

Kampuni ilijibu wiki ya pili baada ya barua ya binti. Ikaondoa miezi minane, ikaondoa bei ya kisanduku, ikaacha 2,500 za Aprili na 1,500 za faini ya kuchelewa. Zile 2,500 zililipwa siku ile ile. Faini bado wanabishania.

Juu ya faini hii nina neno. Deni likiisha kuwa deni, kuongeza juu yake kwa sababu ya kuchelewa ni mlango wa riba. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyoko Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1990, ilipojadili mauzo ya malipo ya awamu, ilikataza nyongeza ya namna hiyo hata kama ilishurutishwa mwanzoni. Najua kwamba mtu anayeishi Nairobi hawezi kukwepa kila sharti la kampuni, na aliyelazimika kulipa ili ajiondolee madhara, dhambi iko kwa mchukuaji. Lakini kulazimika kuna daraja zake. Anayeulizia kwanza kifungu cha mkataba kinachoitaja faini hiyo, na tarehe aliyoarifiwa, bado hajalazimika. Binti ameuliza. Mstari mmoja wa taarifa ulimwokolea shilingi elfu ishirini, na siwezi kumwambia aache kuuliza kwa ajili ya elfu moja na mia tano.

Bangili zingali mkononi mwa mama.

Sasa nigeukie upande wa pili wa bahari, kwani mabinti zetu wanajiunga na mikataba huko pia, na huko wao ndio wageni. Katika Saudia, laini ya simu na kifurushi cha intaneti husajiliwa kwa namba ya iqama, na tangu mwaka 2016 kwa alama ya kidole. Rafiki anayekuomba umsajilie laini kwa iqama yako, au umchukulie simu ya kulipia kidogo kidogo pamoja na kifurushi cha miaka miwili, anakuomba kafala, yaani uwe mdhamini wake, hata kama neno hilo hakulitamka. Na mdhamini hulipa. Nimesikia ya wasichana watatu waliolala chumba kimoja na kutumia mkataba mmoja. Wawili wakahama, mwenye jina akabaki na riyali za wote.

Nchi hizi zina wasimamizi wao wa mawasiliano. Oman ina mamlaka yake tangu mwaka 2002, Qatar tangu 2014, na ya Saudia imebadilishwa jina mwaka 2022 kuwa Tume ya Mawasiliano, Anga na Teknolojia. Mwendo wao unafanana na wa kwetu: kampuni kwanza, upate namba ya lalamiko, kisha msimamizi. Bila ya namba ya lalamiko hakuna atakayekusikiliza, basi iandikeni, na mpeleke nakala nyumbani. Aliyekwisha kurejea Nairobi na bili ikamfuata kutoka huko aweza kulalamika akiwa huku, lakini ni vigumu zaidi, kwa sababu namba ya simu iliyofungamana na kitambulisho chake imekwisha kuzimwa, nazo tovuti nyingi za huko hutuma neno la siri kwa namba hiyo hiyo. Kwa hiyo mkataba ufungwe kabla ya kuondoka, laini bado ikiwa hai, na ichukuliwe barua inayosema salio ni sifuri. Huku Kenya, mwenye kutaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake hubonyeza *106#. Naomba mama zangu mjaribu leo. Baadhi yenu mtakuta namba msizozijua.

Na kwa wanaobishana kutoka mbali, jueni kalenda. Riyadh na Doha saa zao ni sawa na zetu, Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Ofisi za Oman, Saudia na Qatar hufungwa Ijumaa na Jumamosi, za Nairobi hufungwa Jumamosi mchana na Jumapili. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne tu, Jumatatu hadi Alkhamisi. Binti wa Maskati barua zake huzipeleka Jumatatu asubuhi, na mama yake huzifuatilia kwa miguu siku ya Jumanne.